Mgeni Njoo

Worcester, Massachusetts, Jumapili usiku.

Miaka sita mfululizo Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya mwisho wa Novemba ya kula bata mzinga na ndugu, imenikuta kazini. Sikulazimishwa na mtu. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi hulipa mshahara mara moja na nusu siku hiyo, na mtu mwenye ada za wapwa kule Tanga haachi moja na nusu impite. Mwaka huu ratiba ikatoka, jina langu halimo. Nikampigia dada nikidhani tutapika pilau kwake tukae, akanijibu, "Usinunue chochote mdogo wangu. Shemeji yako amepata chumba Foxwoods, siku mbili. Tunakwenda kulala." Foxwoods ni kasino yenye hoteli, jimbo jirani la Connecticut.

Amepata. Hakusema amelipia, na kwa watu wa kasino kati ya maneno hayo mawili ndimo biashara nzima ilimo. Mchezaji anachomeka kadi yenye jina lake kwenye mashine, na kadi inahesabu kila senti inayopita, si zile zilizoliwa tu. Kompyuta inakadiria mtu wa namna yake huacha kiasi gani, halafu kipande cha hicho anarudishiwa kikiwa zawadi: chakula, tiketi ya onyesho, kitanda. Sikuuliza kadi ya shemeji ilihesabu mpaka wapi ndipo ikazaa vitanda viwili vya ghorofani. Dada naye, namjua, hajauliza.

Kutoka Worcester unashika barabara ya 395 kwenda kusini. Ukishaingia Connecticut ni msitu mtupu, na mwisho wa Novemba majani yamekwisha pukutika, miti imebaki fito. Saa moja na ushee hivi, huoni kitu cha kukuambia kwamba mbele kuna jambo. Halafu gari linapanda kilima na maghorofa yanatokea juu ya miti, taa zimewaka, kama meli iliyopotea njia ikatia nanga porini.

Tulifika jua linazama. Dada alitafuta kibla kwenye simu. Ikaangukia kaskazini mashariki, kati ya kijifriji na dirisha. Akaswali alasiri akiiwahi, akangoja maghrib, kisha akavua saa ya mkononi akaiweka ndani ya kiatu. Dada hufanya zamu mbili kwa siku, siku nne kwa wiki. Saa kumi na mbili jioni alikuwa amelala, na ukiacha alfajiri alipoamka kuswali, aliamka saa mbili asubuhi. Siku mbili zile hakuukanyaga ukumbi wa kamari hata mara moja. Ukiniuliza nani alishinda, nitasema yeye.

Mimi sikupata usingizi, nikampigia mama. Tanga ilikuwa usiku wa manane, lakini mama halali kabla hajasikia sauti yangu siku za sikukuu za watu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mko wapi? Mbona ukuta wa nyuma yako mzuri hivyo?"

"Hotelini mama, tunapumzika na dada."

"Hoteli ya nani?"

Nikajibu ya Wahindi Wekundu, maana shuleni ndivyo tulivyofundishwa kuwaita.

"Wahindi! Wamefika mpaka huko?" Akaanza kunikumbusha duka la khanga la barabara ya nane pale Ngamiani, na jinsi mwenye duka alivyokuwa hapunguzi hata senti. Nikamwambia hawa si wale, hawa ndio wenyeji wa nchi yenyewe, waliokuwapo kabla ya Wazungu. Akanyamaza kidogo. "Kumbe wenyewe wapo bado? Basi wape salamu."

Neno kasino sikulitoa. Kamari ni haramu, nyumbani kwetu hilo halina mjadala, na mama ana mjukuu aliyeuza simu kwa ajili ya mkeka wa kubeti. Ukimtajia kasino anaona madubwi yale ya kamari yaliyojaa kwenye vibanda vya mtaani, vijana wameyazunguka na sarafu viganjani. Angekuwa hajakosea sana. Ni madubwi yaleyale, ila haya yamewekewa zulia.

Nilishuka saa tatu usiku nikiamini nitakuta ukumbi mtupu. Nani anaacha bata mzinga mezani aje huku? Watu walikuwa wamejaa. Wazee wa Kichina walioletwa na mabasi kutoka mijini, makoti hawajayavua, mifuko imebanwa miguuni. Wahaiti. Mume na mke wa makamo walioketi bega kwa bega kila mmoja na mashine yake, nusu saa nzima bila neno. Wauguzi wawili bado wana sare. Pembeni, kwenye njia ya kupita, familia zenye watoto zinatembea bila kusimama, kwa sababu asiyefika miaka 21 haruhusiwi kwenye eneo la michezo. Niliwatazama nikaona wengi wetu tunafanana kwa kitu kimoja: nyumba ya kula hiyo sikukuu haipo, au ipo mbali, au ipo na hakuna anayetaka kwenda.

Kulikuwa na bibi mmoja ambaye sijamtoa kichwani. Kadi yake ilikuwa imefungwa kwenye kamba ya plastiki inayojisokota kama waya wa simu za zamani. Upande mmoja umebanwa kwenye sweta, upande wa pili umeingia kwenye mashine. Mkono wa kulia unabonyeza, wa kushoto umelala pajani. Nimewahudumia wazee miaka mingi, jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye ile kamba likafuatilia kama ninavyofuatilia mrija wa dripu, kuona unatiririsha au umeziba. Ulikuwa unatiririsha. Alipogeuka akaniona nimesimama, akanipisha kiti cha jirani kama mtu anayekaribisha mgeni msibani.

Nikakaa. Mungu anisamehe, nikaingiza dola 20.

Tayari nilikuwa na kadi. Shemeji alinisukuma nijiandikishe kwa sababu mgeni hupewa kianzio. Binti wa kaunta alichukua leseni yangu akanakili jina herufi moja moja, akanigeuzia skrini nihakikishe. Kisha mashine. Kila nikibonyeza inakula senti 60. Mara ya tatu au ya nne ikapiga nderemo, taa zikakimbizana, sarafu za kuchora zikamwagika kwenye kioo, nami moyo ukanidunda. Nikatazama hesabu chini: nimepata senti 25. Yaani nimepoteza 35, na mashine inanipongeza. Nikabonyeza tena nikijua, na hilo ndilo lililonitia woga: nilikuwa nimejua na kidole kikashuka vilevile. Nilipoinuka ilinitapikia kikaratasi cha senti 17.

Shemeji nilimkuta kwenye ruleti. Huyu ni fundi wa umeme, mtu wa hesabu. Akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba gurudumu la Kimarekani lina vishimo 38, kwa sababu ya sifuri na sifuri mbili, lakini ukipatia namba unalipwa 35 kwa moja; kwa hiyo katika kila dola 100 zinazowekwa, kwa wastani nyumba inabaki na 5 na senti 26. "Ya Ulaya ina sifuri moja, nafuu kidogo," akasema, huku anasogeza vibao vyake kwenye 17. Nilitaka kumuuliza kama anajua yote hayo yeye anafuata nini pale. Nikakumbuka kidole changu, nikanyamaza.

Ijumaa ilipita hivi hivi, tukila na kulala. Jambo moja tu: mhudumu wa usafi alipogonga, dada aliruka akaanza kutandika vitanda mbio, pembe za shuka akizikunja kama tunavyofundishwa kwa vitanda vya wagonjwa. Yule mama mlangoni akacheka, dada akacheka, wakamalizia pamoja, kila mmoja upande wake. Kwenye mto dada akaacha dola kumi, ambazo hakika zilikuwa na maana kuliko ishirini zangu.

Jumamosi asubuhi, wakati shemeji anapanga mizigo, nilikwenda jumba la makumbusho la Wapequot, wale wenyeji wenye kasino, jirani tu na hoteli. Nilikwenda kwa ajili ya salamu za mama, naomba msinicheke. Ngazi za umeme zinakushusha katikati ya barafu ya kuigiza mpaka zama za kale. Ukishafika chini unatembea ndani ya kijiji kizima cha vibanda vya magome, sanamu za watu kimo cha mtu, wanaanika samaki, wanasuka. Nilisimama mbele ya mwanamke mmoja anayetwanga mahindi kwenye kinu. Kinu kile ungekiweka uani Muheza hakuna ambaye angekishangaa.

Halafu unafika mwaka 1637. Mwezi Mei, maili chache kutoka hapo, pale Mystic, Waingereza pamoja na washirika wao wa makabila jirani, Wamohegan na Wanarragansett, walizingira ngome ya Wapequot alfajiri wakaitia moto, wakawapiga waliokimbia. Walikufa mamia, wengi wanawake, watoto na wazee. Mwaka huohuo makanisa ya koloni la Massachusetts yaliweka siku ya kumshukuru Mungu kwa ushindi ule. Sisemi kwamba ndiyo hii tunayokulia bata mzinga. Hii wanaifungamanisha na karamu ya walowezi wa Plymouth ya 1621, akaja Rais Lincoln kuitangaza nchi nzima mwaka 1863. Lakini siku ya shukrani ilikuwapo, na shukrani yenyewe ilikuwa hiyo. Mwaka uliofuata, mkataba wa Hartford ukawagawa walionusurika, wengine wakiwa wamekwisha uzwa utumwani visiwani, na ukaandika kwamba jina Pequot lisitajwe tena.

Ni hapo niliposoma mara mbili. Kumnyang'anya mtu ardhi nimekwisha sikia, sisi ni watu wa pwani, tunazijua habari za mashamba ya mkonge. Kumkataza mtu jina lake sikuwahi kuona kumeandikwa kwenye mkataba.

Walipewa ardhi ya Mashantucket mwaka 1666, ikamegwa na kumegwa mpaka zikabaki ekari 200 na kidogo. Kufikia miaka ya 1970 aliyekuwa ameishikilia ni bibi, Elizabeth George, ambaye alikataa kuondoka mpaka alipofariki mwaka 1973. Mjukuu wake, Richard Hayward, akaanza kuwaita ndugu warudi. Walijaribu kila kitu: kuuza kuni, kupika utomvu wa miti uwe asali, kulima saladi kwenye vibanda vya plastiki, kufuga nguruwe. Serikali kuu ikawatambua rasmi 1983, bingo ikafunguliwa 1986, na walipotaka kujenga kasino mabenki ya Marekani yakawakwepa. Pesa ikatoka kwa Lim Goh Tong, tajiri wa kasino wa Malaysia. Mwaka 1992 milango ikafunguliwa. Mwaka uliofuata wakaelewana na jimbo: sisi tuachieni mashine, nyinyi chukueni asilimia 25 ya mapato yake. Baadaye madeni yaliwaelemea mpaka ikabidi waombe kupangiwa upya, maana hata mwenye nyumba huliwa. Na Wamohegan, wale wa 1637, nao wana kasino yao maili chache kutoka hapo, wanagombania wateja walewale.

Njiani kurudi msemo wa kwetu ulinijia ukakaa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeusikia tangu utotoni, wageni wakija kuku anachinjwa na wenye nyumba nao wanapata kula vizuri. Sikuwahi kuufikiria kwa mwenyeji ambaye wageni wake wa kwanza walimchomea nyumba, akangoja miaka mia tatu na hamsini na tano, akajenga nyumba kubwa kuliko zote msituni, akawasha taa, akasema haya karibuni tena, safari hii njooni na pochi. Nawaza pia kwamba waliojaa ukumbini usiku ule si wajukuu wa wale wa 1637. Ni bibi mwenye kamba ya plastiki, ni Wachina wa mabasi, ni shemeji yangu. Kwa hiyo furaha yangu ya kulipiza kisasi kwa niaba ya watu nisiowajua ilifika mpaka wa Massachusetts ikapoa.

Shemeji aliendesha kimya njia nzima. Dada alikuwa na uso wa msichana.

Leo mchana, nikiwa zamuni, ujumbe umeingia kwenye simu. Jina langu lina herufi 11. Kazini wamelikata wakabakiza tatu, benki wanalikosea, mpaka kadi ya bima ina herufi ya ziada. Hapa lilikuwa limeandikwa lote, sawasawa, na baada yake neno la karibu, na chini yake usiku mbili za bure mwezi Januari, katikati ya wiki. Kwa zile dola 20 tu.

Nimempelekea dada picha nikidhani atanigombeza. Ameuliza kama kitanda ni kimoja au viwili.