Akamletea Adamu Ili Aone Atawaitaje

Wapendwa katika Bwana,

Ndoa zinapofungwa makanisani mwetu, somo la Mwanzo sura ya 2 mara nyingi husomwa kwa kuruka. Msomaji huanza na mstari wa 18, pale Mungu anaposema kwamba si vema mtu awe peke yake, kisha hukimbilia mstari wa 21, Adamu anapoletewa usingizi mzito na ubavu wake kutwaliwa. Katikati inaachwa mistari miwili ambayo nimekuwa nayo moyoni wiki nzima. Mungu akiisha kusema kwamba upweke si mwema, jambo analofanya kwanza si kumleta Hawa. Anawaleta wanyama wa mwituni na ndege wa angani mbele ya huyu mtu mpweke, ili aone atawaitaje.

Ili aone! Yeye aliyewaumba, anayejua idadi ya nywele zetu, alisimama bustanini akingoja kusikia neno litakalotoka kinywani mwa mtu. Na kazi hiyo ilitolewa kabla ya miiba na kabla ya jasho la uso, kwa hiyo haiwezi kuwa sehemu ya laana. Maandiko hayasemi kwamba wadudu waliletwa siku ile, wala samaki hawatajwi. Sijengi fundisho juu ya ukimya huo, lakini naamini kwamba msururu ule wa viumbe bado unapita mbele yetu, na kwamba wanaoketi leo kuwatazama na kuwaita majina wamo ndani ya mistari hiyo miwili, wawe wanajua au hawajui.

Mwaka 1950 mdudu mmoja alikamatwa Ufipa, katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Tanzania. Alikuwa dume, mdogo, hana mabawa. Alihifadhiwa katika makumbusho ya historia ya asili huko London, na humo akakaa nusu karne bila jina, kwa sababu hakuna aliyejua amweke katika kundi gani. Ana miguu ya mbele ya kukamatia mawindo, lakini si vunjajungu. Mwili wake unakaribia ule wa mdudu kijiti, lakini mdudu kijiti hula majani, na huyu ni mwindaji. Ndipo Oliver Zompro, Mjerumani aliyekuwa akichunguza wadudu vijiti, akaona ndani ya kaharabu ya kale ya Baltiki, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, mdudu asiyefanana na yeyote aliyemjua, na alipofika London akakutana na dume wa Ufipa, akatambua kwamba hawa wawili ni jamaa. Berlin ilikuwa na mwingine, kutoka Namibia.

Mwaka 2002 yeye na wenzake, Klaus-Dieter Klass, Niels Kristensen na Joachim Adis, walitangaza kwamba hiyo si spishi mpya tu bali ni oda mpya ya wadudu, Mantophasmatodea. Wasiozoea maneno hayo wafikirie hivi: vipepeo wote wa dunia pamoja na nondo ni oda moja, nzi wote pamoja na mbu ni oda moja. Ngazi hiyo haikuwa imeongezewa kundi jipya la wadudu walio hai kwa karibu miaka 90, na ufunguo mmoja ulikuwa umelala ndani ya sanduku, una kibandiko chenye jina la Ufipa.

Nimependa sana majina waliyopewa. Wa Namibia aliitwa zephyra, kwa upepo wa magharibi, na wa kwetu subsolana, kwa upepo wa mashariki, kama ndugu wawili waliotenganishwa na bara zima. Baadaye wa Ufipa alipewa jenasi yake mwenyewe, akawa Tanzaniophasma subsolana. Mwaka huohuo wa 2002 msafara ulikwenda kwenye mlima Brandberg huko Namibia ukawakuta jamaa zake wakiwa hai. Hutembea wakiwa wameinua ncha za nyayo zao, kama mtu anayepita juu ya mchanga wa moto kwa visigino, na dume na jike huitana kwa kugonga tumbo chini, kila mmoja kwa mdundo wake.

Kumpa kiumbe jina kwa njia hii si jambo la siku moja. Mtafiti huketi mbele ya hadubini akilinganisha vinyweleo, sehemu za mdomo, viungo vya uzazi vya dume, huku akirudia maandishi ya waliomtangulia tangu mwaka 1758, ambao ndio mwanzo wa majina rasmi ya wanyama kwa utaratibu wa Linnaeus, mtaalamu wa viumbe kutoka Sweden. Kisha huchagua sampuli moja ibebe jina hilo daima, na yeyote atakayekuwa na shaka baadaye hana budi kuirudia sampuli ileile. Hadi leo wadudu wapatao milioni moja wamepitishwa katika kazi hiyo ya polepole, na waliobaki nje wanadhaniwa kuwa wengi kuliko waliokwisha kuingia. Mtu anayetazama mguu wa mdudu kutwa nzima haabudu mdudu. Amekubali kukaa kitako pale Adamu alipokaa.

Baharini msururu ni mrefu zaidi. Mungu alimwuliza Ayubu, katika sura ya 38, kama amewahi kuingia katika chemchemi za bahari, na kwa vizazi vingi tulilisoma swali hilo kama fumbo tu. Mwaka 1977 chombo cha kuzamia kilishuka karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha kilomita mbili na nusu hivi, na waliokuwa ndani wakaona chemchemi zenyewe, maji ya moto yakitoka katika nyufa za mwamba, na kuzizunguka viumbe wengi katika giza ambalo jua halijawahi kulifikia.

Katika Bahari ya Hindi, bahari hii inayopiga ufuko wa Tanga na Kilwa, konokono mmoja aligunduliwa mwaka 2001 kwenye chemchemi kama hizo, mbali huko kusini-mashariki ya Mauritius. Mguu wake umefunikwa magamba kama paa la vigae, na magamba hayo, pamoja na tabaka la nje la gamba lake kubwa, yana madini ya chuma na salfa. Hategemei kinywa chake kupata lishe. Bakteria wanaoishi ndani ya tezi moja mwilini mwake ndio wanaomlisha, naye ana moyo mkubwa kupita kiasi kwa mwili wake, ambao huwapelekea hewa wanayoihitaji. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado hunisimamisha. Alisubiri jina rasmi, Chrysomallon squamiferum, hadi mwaka 2015.

Miaka minne baada ya kupata jina, mwaka 2019, aliingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, kwa sababu maeneo mawili kati ya matatu alikojulikana kuishi yalikuwa chini ya leseni za kutafuta madini. Jina lilikuja kwanza, utetezi ukafuata, kwa kuwa ni vigumu kumtetea mtu barazani bila kusema ni nani. Ndiyo maana nasikitika ninapofikiria sakafu ya Pasifiki kati ya Hawaii na Mexico, ambako makampuni yanangoja kuchimba: utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba huko kuna spishi zaidi ya 5,000, na kwamba karibu tisa katika kila kumi hazijapewa jina. Zaburi ya 104 inasema bahari ina vitambaavyo visivyohesabika. Haisemi kwamba tunaruhusiwa kuvizika kabla ya kuviona.

Wiki hii tuwaombee wanaoketi mbele ya hadubini, na wanaoshuka vilindini. Tuwaombee pia watoto wa Ufipa wanaochunga ng'ombe, kwa maana dume yule wa mwaka 1950 anajulikana kwa sampuli moja tu, na jike lake bado halijaelezwa. Huenda yuko katika majani, anagonga tumbo chini akiita, na wa kwanza kumsikia atakuwa mchungaji mdogo aliyeinama kufunga kiatu chake.