Mshale unaotazama nyuma

Hii MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ni ya marehemu baba, ya 1969, ile ya wazi juu yenye rimu za spoki. Nilipoanza kuiendesha mwaka 2009 ilikuwa na mlio ulioninyima usingizi, ukiachia mafuta inapiga ko, ukikanyaga tena ko. Nikavua tairi na ndo nikaona, meno ya habu, ile sehemu ya katikati inayobeba rimu, yamelika yamekuwa makali kama ya msumeno. Rimu za spoki hazina boliti, zinaingia kwenye hayo meno alafu nati moja kubwa ya masikio mawili inabana kutoka nje, kwa hivo meno yakiisha hakuna kingine kinachoishika rimu isizunguke peke yake.

Nikapata MGB nyingine imelala Naivasha nyuma ya zizi, bodi imeoza ila habu zote nne zina grisi bado. Nilihakikisha kwanza nayo ni ya spoki, maana ekseli ya rimu za kawaida ni ndefu kidogo. Nikazing'oa nikazitia zote kwenye gunia moja.

Jumamosi nzima tukafunga na fundi mmoja kijana. Nati ya ekseli ya nyuma inakazwa futi-paundi 150, ikabidi tuchomeke bomba la maji kwenye spana. Habu za mbele tulipanga shimu, vile visahani vyembamba vya chuma, moja moja mpaka beringi ikazunguka bila kucheza. Kila kitu kiliingia vizuri, hata nati za masikio, na mlio ukaisha kabisa, nilifurahi jamani!

Jioni nikamchukua mwanangu tukashika Ngong Road, tukikaribia Karen stelingi ikaanza kutetemeka. Nikasimama. Nati ya mbele kushoto naizungusha kwa vidole, na ya kulia pia. Nilimtazama mtoto pale kwenye kiti nikaishiwa nguvu miguuni.

Nikazipiga nyundo, nikarudi mdogo mdogo nikisimama kila mahali kuzikaza, moja kwa moja mpaka kwa mzee aliyekuwa fundi wa baba. Hakuvua kitu. Alipangusa nati kwa kitambaa, chini ya vumbi pameandikwa UNDO, yaani fungua, na mshale.

"Kijana, mshale huu unatazama wapi?"

"Nyuma, mzee."

"Unatakiwa utazame mbele. Habu ya kushoto umeiweka kulia."

Akanieleza kwamba rimu ikibeba uzito huwa inacheza kidogo sana ndani ya nati, na huo mchezo unaisogeza nati kinyume na tairi inavyozunguka, ndo maana kila upande una thredi zake, zinazozunguka kinyume na za upande wa pili. Zikiwa sawa nati inajikaza yenyewe ukienda, zikibadilishwa inajifungua. Za nyuma zilikuwa sawa kwa bahati tu.

Tukazihamisha usiku uleule kwa mwanga wa tochi, na kabla ya kufunga mzee akapiga alama kwa tindo, moja kushoto, mbili kulia. Asubuhi nikaenda Naivasha peke yangu. Nilisimama mara tatu kushika nati, hakuna iliyosogea.