Kumbe haikuwa betri: venye niliacha kuzimikiwa na simu Usenge

Hii nimeandika nikiwa na hasira kidogo, juu karibu mwaka mzima watu wamenishauri vitu vya ajabu na nikavifanya vyote kama mjinga.

Mimi huuza omena, wale dagaa wa ziwa, soko la Kibuye hapa Kisumu. Mara mbili tatu kwa wiki natoka Kisumu usiku wa manane, Kisian, Ndori, Bondo, mpaka Usenge kule ufuoni, kwa sababu omena inavuliwa usiku kwa taa na mashua zinaingia alfajiri, ukichelewa unapata wenzako washabeba. Sasa simu inatoka nyumbani ikiwa 100, saa nne asubuhi iko 15, saa tano imelala. Na pesa yote iko M-Pesa. Siku moja nimechagua gunia tatu, nimebishana bei mpaka mama wa kule ameshuka, natoa simu nilipe, giza. Akaniangalia tu hivi, akaita mteja mwingine. Gunia zangu zikapakiwa kwa pikapu ya mtu wa Busia nikiona na macho yangu. Yawa!

Nyumbani Manyatta tuko na kijana wa dada yangu, yeye ndiye mtaalamu wetu wa kila kitu. Akaniambia, "Anti, hiyo betri imechoka, iweke friza usiku mmoja, baridi inaiamsha." Friza sina, lakini jirani yangu anauza samaki wa mbuta na anayo kubwa. Nikafunga simu kwa karatasi ya nailoni, zile za kabla ya 2017 hazijapigwa marufuku, bado niko nazo kadhaa chini ya godoro msiniulize, nikailaza vizuri kati ya vichwa vya mbuta. Jirani akaniuliza kama ni ya kukaanga ama ya kuchemsha. Asubuhi nikaitoa ikiwa ngumu kama jiwe na mimi nimefurahi, nikaiweka mezani ipate joto, ikaanza kutoa jasho. Ndani! Kioo cha kamera kikajaa ukungu, spika ikawa mtu anaongea kama yuko chini ya ziwa. Wiki mbili nilikuwa naomba wateja waandike meseji. Harufu nayo sitaki kuisema, ingawa kwa kazi yangu nani angejua. Betri? Ilizima saa tano vilevile. Baridi haiamshi kitu, inaleta maji tu mahali maji hayatakiwi.

Halafu akaniwekea apu ya kusafisha simu, ati inaua programu zinazokula chaji. Hiyo apu yenyewe ilikuwa inaniletea matangazo kila nikigusa skrini. Ukiua programu zinajifungua tena, na huko kufungua upya ndiko kunakula. Niliitoa.

Mwingine akasema niache ifike sifuri kabisa ndio nichaji. Hiyo ni ya betri za zamani za nikeli, hizi za sasa ni za lithiamu na kuzimaliza kabisa kila siku ndio kunazichosha. Mimi siku hizi ikifika 30 nachomeka, na nikiwa karibu natoa kama iko 80 na kitu, isipokuwa usiku wa safari ndio najaza. Nisipokuwa karibu, tokeni za stima zikiisha itajitoa yenyewe.

Mwisho nikaenda kwa fundi. Bila hata kuigusa akasema betri imekufa. Elfu moja mia tano hivi, na ile ya zamani akabaki nayo. Safari ya kwanza na betri mpya, saa tano, giza.

Hapo ndio nikaanza kufikiria na kichwa changu. Jumapili nikishinda Kibuye naongea na simu mchana kutwa, jioni iko 50. Usenge siongei hata nusu ya hiyo. Simu ni moja, mtu ni mmoja, kinachobadilika ni mahali. Nikaingia Mipangilio, nikafungua Betri, pale inaonyesha nani amekula, nikitegemea kuona Facebook. Wa kwanza kabisa ni mtandao wa simu! Nikaangalia juu ya skrini, laini yangu ya kwanza iko na miti mitatu ya mtandao, ya pili, ile niliweka kwa sababu ya bando za bei rahisi, haina hata mmoja. Kwa hivyo tangu Ndori simu inatafuta mnara wa hiyo laini ya pili, inaita inaita kama mtu amepotelewa na mtoto sokoni, na mtandao ukiwa mbali inaita kwa nguvu zaidi. Na mimi nalaumu betri.

Siku hizi nikipita Kisian nazima laini ya pili, data pia nazima, na ile nyingine naiweka 2G, ule mtandao wa zamani. Kupiga na kutuma M-Pesa kwa menyu ya laini hakuhitaji intaneti. Kwa simu yangu 2G haikuonekana kwa mipangilio, ilibidi nibonyeze *#*#4636#*#* kama napiga simu, ndio ikafungua menyu ya kuchagua mtandao, sijui yako kama itakubali.

Kitu kingine ni jua. Nilikuwa naacha simu juu ya gunia na mwangaza umepanda mwisho ndio nione kitu. Joto nalo linaharibu betri, kwa hivyo sasa inakaa chini ya leso. Ile skrini nyeusi alinisifia kijana inasaidia kwa skrini za AMOLED kama yake, ambazo penye weusi taa inazimika, yangu ni LCD, taa ya nyuma inawaka tu hata kukiwa kweusi.

Alhamisi nilirudi na 46. Kijana akakuja mbio, "Anti, niwashie hotspot, yangu imezima." Nikamwambia aende kwa jirani, friza iko wazi.