Breki ya Mzee

Mwezi wa sita mwaka 2021 Malaba yetu, upande wa Uganda, ilikuwa kimya mchana na ina kelele usiku. Rais alikuwa ametangaza siku 42 za kukaa ndani, kafyu ni saa moja jioni, shule zimefungwa, taksi hazitembei. Trela peke yake ndizo ziliruhusiwa. Ukilala unazisikia kule mpakani zinasogea hatua, zinasimama, breki zinatoa pumzi, zinasogea tena. Baba yangu aliziendesha miaka 27, Mombasa mpaka Kampala na kurudi, na usiku ule alikuwa akikaa barazani gizani anazitambua kwa mlio. Hiyo Mercedes. Hiyo imebeba kontena tupu. Huyo dereva bado mgeni, anabana breki mno.

Wiki hiyohiyo Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia ya magari baada ya miaka 19. Televisheni za Kenya zinashika kwetu vizuri, kwa hiyo tuliitazama siku zote nne, Naivasha, vumbi lile jeupe, mpaka Ogier akashinda na Toyota yake na Mjapani Katsuta akaja wa pili. Baba alitazama huku akinisimulia habari za Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyefukuzwa pamoja na Wahindi wenzake mwaka 1972, na mwaka uliofuata tu akaichukua Safari na Datsun. Akaichukua tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Baba alikuwa kijana wakati huo, alizisikia zote redioni. Nadhani ndiye aliyemtia hamu ya usukani, ingawa hajawahi kusema.

Jumatatu nikatoa usukani wangu wa michezo ya kompyuta chini ya kitanda.

Nilikuwa nimeununua mtumba Kampala, kwa mwanafunzi aliyekuwa anamaliza chuo. Usukani wenyewe mzima. Unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu, na ndani yake kuna mota mbili zinazokuvuta mkono kama matairi yanagusa kitu kweli. Ugonjwa ulikuwa kwenye breki. Gari lilijifunga lenyewe kwenye barabara iliyonyooka, bila mtu kugusa pedeli.

Nikafungua. Pedeli za namna hii zina potenshiometa, mdogo wake ile ya kuongezea sauti kwenye redio za zamani: ukikanyaga, kidole kidogo cha chuma kinatembea juu ya njia ya kaboni, na kompyuta inasoma kimefika wapi. Vumbi likiingia, kidole kinaruka. Nilipima kwa mita: ilipaswa kupanda taratibu kutoka sifuri hadi kiloomu 10, lakini katikati namba zilikuwa zinarukaruka kama panzi. Nikaisafisha kwa spiriti na kijiti chenye pamba, nikaizungusha mara nyingi, ikatulia. Kazi ya saa moja. Ningeishia hapo.

Ila nilimwita Mzee ajaribu.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akavua kandambili, akashika usukani kama mishale ya saa tatu na robo, mkono mmoja kila upande, kama anavyoshika siku zote. Nikampa gari dogo na barabara ya vumbi. Alifika kona ya kwanza akaingia porini. Ya pili vilevile. Ama breki haikushika kabisa, ama ilishika yote kwa pamoja. Nikadhani ni mazoea tu. Akazima mwenyewe, akaketi pale mikono juu ya mapaja.

"Mwanangu, hii breki haina uzito. Sijui mguu wangu uko wapi."

Nilichukua muda kumwelewa. Mzee ana kisukari. Aliacha barabara mwaka 2018, kwetu tukasema ni macho, na macho kweli yalikuwa yanamsumbua usiku. Kumbe kulikuwa na nyayo pia. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza aliniambia kwamba chini ya mguu wa kulia hasikii vizuri, kwamba siku moja aliteremka ule mteremko wa Salgaa na tani zake nyuma, gia ya chini kama inavyotakiwa, na akalazimika kutazama chini ili ajue mguu umekanyaga nini. Alifika salama Nakuru, akaegesha, akampigia simu tajiri wake. Hakuwahi kumwambia Mama sababu hiyo.

Sikulala usiku ule. Nilikuwa na mawazo mengi juu yake, na katikati ya hayo yote, kichwa kikawa kinarudi kwenye pedeli. Pedeli ile yenye springi laini inapima umbali: umekanyaga sentimita ngapi. Gari la kweli halifanyi hivyo. Breki ya gari ukishaikanyaga kidogo inagoma, na kuanzia hapo unapima kwa nguvu. Nguvu haikai kwenye unyayo peke yake. Inasikika kwenye muundi, kwenye goti, kwenye paja. Huko Mzee bado alikuwa mzima.

Jirani yetu mwenye duka la nafaka alikuwa na mizani ya kidijitali iliyokufa kioo. Alinipa bure. Ndani ya kila mizani ya namna ile kuna kipande cha aluminiamu, urefu wa kiganja, kina tundu katikati. Mafundi wanakiita lodiseli. Ukikibonyeza kinajipinda kiasi ambacho jicho halioni, na nyuzi nyembamba zilizogandishwa juu yake zinabadilisha ukinzani wa umeme. Waya nne zinatoka: nyekundu na nyeusi za kupeleka umeme, kijani na nyeupe za kurudisha habari. Habari yenyewe ni ndogo mno, milivolti chache tu, kwa hiyo unahitaji chipu ya kuikuza, HX711, pamoja na bodi ndogo ya Arduino Leonardo ambayo kompyuta inaipokea kama kifaa cha mchezo. Hivyo Malaba havikuwepo na Kampala hakufikiki. Rafiki wa Mzee, dereva wa trela, alivipata Luthuli Avenue kule Nairobi, akavifunga kwenye soksi, akanipa siku ya nne akiwa kwenye foleni ya forodha.

Fundi wa kuchomea alinikatia bamba. Nikafunga lodiseli upande mmoja, upande wa pili ukae nyuma ya mkono wa pedeli, na katikati nikaweka bushi ya mpira iliyotoka kwenye shokapu ya Corolla. Pedeli ikawa inatembea upana wa vidole viwili, halafu inakutana na mpira na kugoma.

Ilifanya kazi, lakini kulikuwa na kuchelewa. Kidogo sana, ila mguu ulijua. Nilikaa siku mbili juu ya jambo hilo. Chipu ile inakuja ikiwa imefungwa kusoma mara 10 kwa sekunde. Gari la kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita tatu kati ya kusoma na kusoma! Inaweza kusoma mara 80, ila mguu wake wa 15 umeunganishwa na ardhi, yaani upande wa hasi, kwenye bodi, lazima uunyanyue. Mguu wenyewe ni mwembamba kama unywele wa farasi. Niliupasha kwa chuma cha kulehemu, nikauinua kwa ncha ya sindano ya kushonea ya Mama, pumzi nimeishika, kisha nikaugusisha na jirani yake wa 16 wenye umeme kwa tone moja la risasi. Umeme wa nyumba ulikatika dakika hiyohiyo. Nikasubiri mpaka saa tano usiku ndipo nikaona namba zikikimbia kwenye kioo kama maji.

Nilimwamsha.

Kwanza sikumpa gari. Nilimwekea namba tu, sifuri hadi mia, kilo 25 za mguu ndiyo breki yote. Nikamwambia, "Mzee, nipe nusu." Akakanyaga, uso umeelekea dirishani. 50. 51. 50. 50. Akaishikilia hapo kama mtu aliyeshika yai. Nikasema robo: 25, 24, 25. Nikakaa mimi, kijana mwenye miguu mizima na macho kwenye kioo, nikapata 44, halafu 60, halafu 52.

"Hiyo sasa ni breki," alisema.

Nilikuwa na mchezo wa malori kwenye kompyuta. Barabara za Ulaya humo ni za mkono wa kulia, asingezikubali, kwa hiyo nikampeleka Uingereza ambako wanapita kushoto kama sisi, nikamwekea usukani upande wa kulia na trela yenye mzigo. Aliendesha zaidi ya saa nzima. Hakusema neno ila kwenye mteremko mmoja, alipopunguza gia mapema, akanong'ona, "Usiiamini breki, iwekee akiba." Sikujua ananiambia mimi au anajiambia. Mama alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na kanga yake, anamtazama mgongo.

Alifikisha mzigo. Akairudisha trela nyuma mpaka kwenye mistari, polepole, akasimama bila kutikisika. Kisha mkono wake wa kushoto ukanyooka hewani, ukatafuta mahali fulani karibu na goti, ukashika hewa.

"Breki ya kuegesha iko wapi?"

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa fundi wa kuchomea, nimeshika kipande cha bomba.