Siku Moja Feri: Mwanafunzi wa Anthropolojia Akiwa Kazini

Saa 11 alfajiri. Natoka hosteli za Mlimani kwenda Ubungo kupanda mwendokasi wa Kivukoni. Niko mwaka wa tatu, na utafiti wangu wa shahada ya kwanza unahusu mikopo kati ya madalali na mama karanga (wanawake wanaokaanga na kuuza samaki) wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam.

Saa 12:30 asubuhi. Mnada umepamba moto. Nimesimama pembeni ya mama mmoja aliyeridhia niandamane naye kwa sharti kwamba jina lake lisionekane popote. Dalali anamwaga fungu la vibua mezani, bei inapanda, mama ananyoosha kidole, na samaki wanaingia kwenye ndoo yake bila shilingi hata moja kutolewa. Amechukua mali kauli. Atalipa jioni akishauza. Namuuliza kama dalali haogopi kudhulumiwa, naye anajibu huku akipara samaki: “Mwanangu, huyu alinizikia mama yangu. Nitamdhulumu vipi?”

Darasani tumesoma jinsi mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alivyofuatilia mabadilishano ya mikufu na bangili za kombe katika visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, kati ya 1915 na 1918, na nilifaulu mtihani wa mada hiyo vizuri. Lakini kwamba deni la biashara linaweza kuegemea msiba, hilo nimelielewa hapa, mbele ya ndoo ya vibua, na ndiyo maana naamini hakuna mwanafunzi wa fani hii anayepaswa kuhitimu bila kufanya utafiti wake mwenyewe uwandani.

Saa 4. Mafuta yamechemka, wateja ni wengi. Naandika tu: ukurasa wa kushoto ninachokiona na kukisikia, wa kulia ninachokifikiri, ili maneno ya mama yasije yakachanganyika na tafsiri yangu.

Saa 9 alasiri. Msimamizi wangu anasoma daftari, kisha anauliza asiye na msiba wala ujamaa na dalali anaanzaje kuaminiwa.

Saa 3 usiku. Napanga upya mwongozo wa mahojiano. Swali la kipato cha mwezi nimeliondoa, kwa sababu wavuvi wanaovutia samaki kwa taa usiku hupata samaki wengi siku za giza na wachache siku za mbalamwezi, na mifuko ya akina mama hufuata mkondo huohuo. Mahali pake nimeandika: nani alikukopesha mara ya kwanza, na alikuwa anakufahamu kupitia nani?