Shuka la Marekani

Asubuhi ya Jumatatu, 5 Machi 2018, nilikuwa nyumbani kwa bibi, Mji Mkongwe, Zanzibar, napigilia shuka la marekani ukutani. Bibi alikuwa mkekani anasuka ukili, nami nilitaka kuirekodi mikono yake jua lingali chini. Jua la dirishani likimpiga moja kwa moja, nusu ya uso inazama gizani. Likigonga kwanza kitambaa, hurudi laini, lina rangi ya maziwa yaliyochemka. Hilo nilijifunza kwa Roger Deakins, mpiga picha wa filamu kutoka Uingereza, ambaye hupenda kurudisha mwanga kwa kitambaa kama hiki kisichopaushwa. Sijapata kuonana naye. Nimeyasoma maelezo yake tu, usiku hata usiku.

Simu ikaita. Rafiki yangu wa Dar hata hakusalimu: "Mzee kachukua!"

Nikakaa chini. Mara 13 Deakins alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, kuanzia filamu ya The Shawshank Redemption, na mara zote akatoka mikono mitupu. Mwaka 2008 filamu zake 2 ziliteuliwa kwa pamoja, zikakosa zote. Leo, mara ya 14, filamu ya Blade Runner 2049 imempa. Machozi yakanitoka.

Bibi akasita, mwaa mkononi. "Nani kafa?"

"Hakufa mtu, bibi. Fundi wangu kapata tuzo."

"Yule Mzungu wa kitambaa?"

"Ndiye."

Nikamsimulia. Alipoomba chuo cha filamu kwao, walimkataa mara ya kwanza. Akaenda kaskazini mwa Devon kupiga picha maisha ya watu wa mashamba, kisha akaomba tena, wakampokea. Baadaye alibeba kamera hadi Zimbabwe na Eritrea kutengeneza filamu za hali halisi, miaka mingi kabla Hollywood haijamjua. Bibi alinisikiliza kimya. Alijua kwa nini nakazania habari ya kukataliwa: barua yangu ya wiki mbili nyuma, iliyosema picha zangu hazina uhai, yeye ndiye aliyeiokota jikoni nilikoitupa, akaikunja na kuiweka kabatini mwake.

"Haya, kaza hilo shuka," akasema. "Jua linapanda."

Nikapiga msumari wa mwisho, nikarudi kwenye kamera. Mwanga ulikuwa umeshafika kwenye kucha zake zenye hina, na mwaa umeanza tena kupita, chini, juu, chini.