Asubuhi Moja Kwenye Jivu la Pembe

Mjomba aliwasili kutoka Voi Ijumaa jioni, na kabla hata sijamaliza kummiminia chai aliniambia kwamba safari hii hakuja kutazama majengo ya Nairobi. Alitaka kuliona jivu. Miaka ya themanini alikuwa askari wa wanyamapori kule Tsavo, akizibeba begani pembe za ndovu zilizonaswa hadi kwenye ghala, na tangu zichomwe hakuwahi kufika mahali zilipochomewa.

Jumamosi alfajiri tulipanda matatu ya 125 pale Reli, tukapita Uwanja wa Nyayo, tukashuka kwenye lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, Barabara ya Lang'ata. Mbuga hii ilitengwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, nayo ina kilomita za mraba 117 tu, kiasi kwamba ukigeuza shingo unaona maghorofa ya mjini nyuma ya punda milia. Tulichangia gari na familia moja iliyotoka Thika, na haikuchukua muda tukawa tumefika.

Hapo ndipo Rais Daniel arap Moi alipoteketeza tani 12 za pembe za ndovu tarehe 18 Julai 1989, na hapo ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipowasha moto tarehe 30 Aprili 2016 kwenye marundo ya tani 105, pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za kifaru. Nilidhani nitakuta jivu laini kama la kuni. Nilipoinama niliona vipande vigumu, vyeupe na vyeusi, vyenye nyufa kama tope la bwawa lililokauka, na kimoja kilikuwa bado na mpindo wa pembe. Pembe haishiki moto upesi. Mwaka 2016 ilibidi mafuta yasukumwe kwa mabomba hadi ndani ya marundo.

"Mpwa wangu," Mjomba alisema, bila kuyaondoa macho kwenye kile kipande, "theluthi ya pembe imo ndani ya fuvu. Jangili haing'oi. Anakata uso."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Moto wa 1989 ulimkasirisha. Yeye na wenzake walikuwa wakienda doria kwa bunduki kuukuu na viatu vilivyotoboka, wakikabiliana na majangili wenye rashasha, halafu akasikia redioni kwamba mali iliyowagharimu marafiki zake imefanywa jivu badala ya kuuzwa ili wanunuliwe hata magari. Sikumlaumu, kwa maana nimesikia hoja hiyo mara nyingi kutoka kwa watu wasiowahi kulala porini hata usiku mmoja, na kinywani mwake ilikuwa na uzito mwingine.

Hata hivyo mimi ninaamini moto ule ulikuwa wa haki, na nilimwambia hivyo. Mapema miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu wapatao 167,000. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Miezi mitatu baada ya moto wa Moi, mataifa yaliyokutana Lausanne, Uswisi, yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na mwaka 2008 nchi kadhaa za kusini mwa Afrika ziliruhusiwa kuuzia China na Japani akiba zao. Lakini pembe ikishachongwa ikawa bangili, mnunuzi atajuaje kama ilitoka ghalani au kwenye mzoga wa jana? Biashara halali huwa shuka la kuifunikia ile haramu. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba alikwisha kubadili mawazo siku nyingi, ila alitaka hasira ile nayo ikumbukwe.

Tukiwa njiani kutoka tulimwona kifaru mweusi mmoja, mbali kidogo, akila majani ya kichaka. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata vifaru weusi 897 na ndovu 36,280 nchini kote.

Saa tano tulikuwa upande wa Barabara ya Magadi, kwenye kituo cha ndovu yatima kilichoasisiwa na Daphne Sheldrick, ambaye baada ya miaka mingi ya kuzika watoto wa ndovu aligundua kwamba maziwa yao yanahitaji mafuta ya nazi. Walezi waliovaa makoti ya kijani huwanywesha kila baada ya saa tatu, na usiku hulala nao bandani, kwa kuwa mtoto aliyemwona mama yake akiuawa hawezi kuachwa peke yake gizani. Ndovu mmoja mdogo, akiwa na tope jekundu hadi masikioni, alisogea hadi kwenye kamba, akaunyoosha mkonga na kuugusa mkono wa Mjomba. Pembe zake hazikuwa zimechomoza bado.

Mjomba alimuuliza mlezi watoto hawa hupelekwa wapi wakishakua.

"Tsavo, mzee. Wengine huenda Voi."

Mjomba aliufuta mkono wake taratibu, akabaki na tope kidogo kwenye vidole. "Basi huyu," alisema, "nitamngoja nyumbani."